Mashine ya Udongo ya Mungembe

Jumanne, 5 Juni 1956

Maji yaliyorudi kutoka chini ya ardhi leo saa kumi na moja alfajiri yalikuwa na nyuzi ishirini na mbili. Aliyesema hivyo ni injinia Stroobants, akiwa amevaa koti, kwa kuwa nje kulikuwa na nyuzi kumi na sita. Nilisoma kipimajoto mwenyewe baada yake. Alisema kweli.

Niko kambi ya Mungembe, saa moja kwa lori kutoka Salamabila. Gazeti limenituma kutoka Kasongo niandike habari za migodi ya Kabambare hadi mwisho wa kiangazi. Ya kwanza ni hii mashine ya kuvuta joto la udongo. Kampuni ya mgodi imeiweka katika nyumba ya wazazi ya wafanyakazi, katika chumba kimoja cha watoto waliozaliwa kabla ya wakati. Kina vitanda sita. Mkunga, mama Léocadie, anasema kiangazi kilichopita watoto tisa waliingia humo na wawili wakatoka. Baridi ya alfajiri ndiyo iliyowaua wengi. Mkaa ulijaribiwa, na moshi ukaua mmoja.

Nilimuuliza kwa nini Kampuni ilileta kitu kipya namna hii kwa Waafrika kwanza.

"Wanajaribia kwetu," alisema. "Ikilipuka, imelipuka kwetu. Ikikubali, utaona itakakoenda."

Nimeandika maneno yake. Naona ni mwanamke mwenye uchungu kupita kiasi.

Jumatano, 6 Juni

Théophile anaiangalia mashine. Ni Mubangubangu, kabila la hapa hapa, fundi wa pampu za mgodi kwa miaka minane. Nilimwambia anieleze kama anavyomweleza mama yake.

"Mama yangu anajua tayari," alisema. "Kila mutu aliyeoga kwenye chemchemi anajua. Alfajiri maji iko na uvuguvugu. Saa sita mchana, maji ile ile, unaruka kwa baridi. Maji haikubadilika. Ni ngozi yako."

Chini ya mita mbili, udongo wa hapa hukaa kwenye nyuzi ishirini na tatu, kiangazi na masika. Wamechimba mifereji minne, kila mmoja mita sitini, wakalaza bomba na kufukia. Maji yanazunguka ndani ya bomba, yanachukua joto la udongo na kulileta kwenye mashine. Lakini nyuzi ishirini na mbili hazitoshi kwa mtoto wa kilo moja na nusu. Anataka thelathini.

"Sasa hapo," alisema Théophile, na akachukua pampu ya baiskeli yangu. Alifunika mdomo wa pampu kwa kidole, akasukuma mara kumi, akaniwekea ncha kwenye shavu. Ilikuwa moto. "Nani aliwasha moto? Hakuna. Nimefinya hewa, joto yake imekusanyika pahali padogo. Mashine iko na gesi ndani yake. Gesi inachukua joto ya maji ya udongo, mashine inaifinya, inakuwa moto sana, inapasha maji mengine, ile inaenda kwa chumba. Halafu gesi inaachiliwa, inapoa, inarudi kwa udongo kuomba tena. Mchana chumba ikiwa jiko, unageuza valvu, inatoa joto ya chumba na kuitupa chini."

Umeme wa turbini ya mgodi hutumika kufinya tu. Joto lenyewe ni la udongo.

Ndani ya chumba leo: nyuzi thelathini kamili.

Jumamosi, 9 Juni

Nimetuma habari kurasa tatu. Vumbi.

Alhamisi, 14 Juni

Apolline, mke wa Théophile, amejifungua kwa miezi saba. Msichana, gramu 1,420. Léocadie alimweka chumbani kabla ya kitovu kukauka. Nilimuuliza Apolline jina la mtoto.

"Jina ataipata akifika kilo mbili. Sitaki kuita mutu ambaye hataitika."

Maji ya udongo: kumi na nane. Théophile aliniambia bila kuulizwa, kisha akageuka.

Ijumaa, 15 Juni

Kumi na saba.

Jumanne, 19 Juni

Kumi na nne. Stroobants amekagua pampu, valvu, gesi. Amefungua na kufunga kila kitu. Ni mtu wa kazi. Anajipaka grisi mwenyewe na hamfokei Théophile. Namheshimu. Anasema mashine ni nzima.

Mtoto: gramu 1,390. Wote hupungua kwanza, anasema Léocadie, lakini anasema akiwa amekunja uso.

Jumatatu, 25 Juni

Nilienda Kasongo kupeleka picha. Soko limejaa samaki wa Nyangwe. Gazeti limefika: habari yangu ya kurasa tatu imekuwa mistari kumi na mmoja. Sentensi ya Léocadie imekatwa. Imebaki kwamba Kampuni inawapenda wafanyakazi wake.

Jumanne, 3 Julai

Maji: nyuzi nne. Bomba la gesi kwenye mashine limevaa barafu, nyeupe, nene kama ganda la yai. Watu wa kambi walijipanga kuiona. Mzee mmoja mchimbaji aliikwangua kwa ukucha, akaiweka mdomoni, akatangaza kwamba haina chumvi.

"Mashine ya kuleta joto imezaa baridi," alisema kapita Hemedi, mkuu wa kikosi kilichochimba mifereji. "Wazungu hawa. Ukiwaomba kuku wanakuletea yai, na wanataka umushukuru jogoo."

Walicheka. Théophile hakucheka. Chumbani kulikuwa na nyuzi ishirini na moja. Léocadie amemfunga mtoto kifuani pa Apolline, ngozi kwa ngozi, na kuwafunika blanketi mbili. Wanakaa hivyo usiku na mchana. Kuna watoto watatu sasa, na mama watatu wamefungwa vivyo hivyo.

Hemedi simpendi. Anapiga kelele, anavaa kofia ya Kampuni hata akila, na mbele ya Mkurugenzi wa mgodi anasimama wima kama mlingoti.

Alhamisi, 5 Julai

Mtoto wa kitanda cha nne amekufa alfajiri. Mama yake anatoka Salamabila. Chumba kilikuwa na nyuzi kumi na tisa.

Ijumaa, 6 Julai

Mashine itang'olewa Jumatatu tarehe 23 Julai na kupelekwa kwenye nyumba ya wageni ya Kampuni, Mkurugenzi ametangaza leo mbele ya ofisi. Sababu aliyoitoa: udongo wa nyumba ya wazazi haufai, na mifereji iliharibiwa na waliochimba. Ripoti ya Stroobants imetumia neno moja ambalo karani alinitafsiria kwa sauti ya chini: hujuma. Tarehe 15 Agosti wanakuja wakubwa kutoka Ulaya, nao hawawezi kulala kwenye joto la mchana; mashine ikigeuzwa itawapoza. Huko nyumba ya wageni bomba zitalazwa mtoni.

Léocadie alikuwa amesimama nyuma ya wanaume. Aliinua mkono kama mwanafunzi.

"Bwana Mukurugenzi. Kama mashine imekufa, munaitaka ya nini?"

Mkurugenzi alisema swali hilo si la mkunga.

"Basi niambie ni la nani, nimupelekee."

Mkurugenzi aliingia ofisini. Sioni tena kwamba Léocadie ana uchungu kupita kiasi. Tarehe 5 Juni aliniambia jambo litakalotokea, nami nikaliandika kama tabia yake.

Jumamosi, 7 Julai

Hujuma ni kosa la kupelekwa buloko, gerezani. Nilienda kuitazama.

Mahali palipofukiwa mifereji panaonekana wazi: mistari minne ya upara katikati ya majani makavu. Masika mazima yamepita na hakuna kilichoota. Nilichimba kwa fimbo. Udongo wa Mungembe ni mwekundu na unanata. Ndani ya mfereji nilikuta changarawe safi, ya kijivu, kavu, inayopita kati ya vidole. Nilichimba hadi kiwiko. Changarawe tu.

Nilimkuta Hemedi kwenye sehemu ya kuoshea dhahabu. Nilimuuliza udongo mwekundu wa ile mifereji ulikwenda wapi.

Alinitazama kama mtu anayeulizwa jina la baba yake. "Bwana Gazeti. Udongo ikitoka chini inaenda wapi? Inaenda kuoga."

"Mliuosha?"

"Wote. Mikokoteni mia ngapi sijui. Tope ikashuka na muto, mawe tukarudisha. Tulikuta dhahabu kidogo, ikapelekwa ofisini kama kila siku." Alinyoosha mkono kwenye ubao uliopigiliwa mtini. Herufi nyeupe, Kifaransa juu, Kiswahili chini: UDONGO WOWOTE UKICHIMBWA KATIKA ENEO LA KAMPUNI USIRUDISHWE KABLA YA KUOSHWA. "Miaka kumi na moja niko chini ya ule ubao. Kuna mutu alikula fimbo kumi na mbili kwa sababu alifukia shimo ya choo bila kuosha. Sasa hakuna aliyeniambia kwamba hii udongo si ya kuoga, ni ya kulala."

"Injinia alikuwa wapi?"

"Kasongo, hospitali, na homa. Siku kumi na sita mwezi wa tatu. Aliporudi, mifereji imefungwa vizuri, tumeisawazisha hata kwa kamba. Akasema: vizuri, kapita." Alivua kofia kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu. "Ile changarawe imefanya nini?"

Nilisema sijui bado.

Jumapili, 8 Julai

Sasa najua, na wanajua wote.

Théophile alileta ndoo mbili. Moja tuliijaza changarawe ya mfereji, nyingine udongo mwekundu wenye unyevu. Léocadie alileta chupa mbili sawasawa za dawa, akazijaza maji ya nyuzi sabini, akazizika, moja katika kila ndoo. Tulisubiri saa moja kwa saa yangu. Apolline alikaa mlangoni na mtoto kifuani, akitazama. Hemedi alikuwepo na kikosi chake, kama watu wanaongoja jamaa atoke kwa daktari.

Chupa ya udongo mwekundu: nyuzi thelathini na tisa. Chupa ya changarawe: hamsini na mbili.

"Changarawe imetunza chupa," alisema mmoja. "Iko nzuri zaidi."

"Kwa chupa ndiyo," Théophile alisema. "Ni blanketi. Kati ya mawe kuna hewa, na joto haipendi kupita kwa hewa iliyosimama. Udongo yenye maji imekamata chupa pande zote, joto ilipita. Sasa bomba yetu iko ndani ya blanketi. Imekula joto iliyo karibu, ikamaliza, ile ya mbali haifiki. Masika changarawe ilikuwa na maji, hatukuona. Mvua ikakatika, maji ikashuka."

Hemedi alitazama chini. "Mutu amemufunika mama blanketi ya mawe," alisema, "halafu anamuambia mutoto anyonye joto." Kisha akasema jina la Mungu, si kwa kuapa.

Nilimuuliza kama anaogopa.

"Ya kuogopa ipo. Mutoto wa kitanda ya nne amekufa, na mukono ni yangu. Lakini ubao si yangu."

Jumatatu, 9 Julai

Stroobants alikuja, akaona ndoo, akarudia kipimo peke yake kwa chupa zake. Masikio yake yalikuwa mekundu. Alikwenda kwa Mkurugenzi kuomba kikosi cha watu arobaini kwa siku nne. Akarudi baada ya dakika kumi. Hapana. Kikosi kinafungua shimo jipya kwa ajili ya wageni wa Agosti.

Nilimuuliza kama atafuta neno hujuma katika ripoti.

"Ripoti imekwisha kwenda," alisema.

"Barua ya pili inaweza kuifuata."

Alisema anatakiwa kufikiri. Nimepunguza heshima yangu kwake kwa kiasi fulani, na nimeandika kiasi hicho hapa ili nisikisahau.

Jumanne, 10 Julai

Nyuzi tatu. Mtoto: gramu 1,400. Haongezeki.

Alhamisi, 12 Julai

Hemedi alifika nyumba ya wazazi baada ya kazi, akavua kofia mlangoni, akaomba ruhusa ya kuongea na "mama zangu", kama alivyowaita. Alipendekeza hivi: siku za kazi ni za Kampuni. Jumapili hakuna anayemtuma mtu. Kikosi kitafungua mfereji wa kwanza na wa pili Jumapili hii, wa tatu na wa nne Jumapili ya tarehe 22. Changarawe ni laini, haihitaji sululu. Wanawake walete udongo wa vichuguu, ule wa kufyatulia matofali, na maji.

"Na ukikamatwa?" Léocadie aliuliza.

"Nitakamatwa nikifanya kazi nzuri. Ni mara ya kwanza."

"Ruhusa umeomba?"

"Injinia aliomba. Yeye muzungu alikataliwa. Mimi nikaombe nini, nikataliwe kwa Kiswahili?"

Mke wa katekista alisema Jumapili ni siku ya kupumzika. Hemedi, ambaye ni Mwislamu, alimwambia kwa adabu kwamba yeye amekwisha kusali Ijumaa, na kwamba mama aende misa ya kwanza kisha aje na beseni. Alikuja na beseni.

Jumapili, 15 Julai

Walianza saa moja asubuhi. Nilihesabu wanaume thelathini na nane na wanawake zaidi ya sitini. Mstari wa wanawake ulitoka kwenye vichuguu nyuma ya shule hadi nyumba ya wazazi. Mwingine ulitoka mtoni na ndoo. Wanaume walitoa changarawe hadi bomba likaonekana, jeusi, limelala kama lilivyolazwa. Théophile alilipapasa lote kwa kiganja, mita mia moja na ishirini, akitafuta ufa. Hakuna. Hujuma gani isiyogusa bomba?

Walifukia kwa tabaka: udongo kidogo, maji, kukanyaga. Wanawake walikanyaga kwa miguu mitupu, wakiwa wameshikana viuno. Mmoja aliniambia nivue viatu nije, uandishi si ulemavu. Nilivua. Nilikanyaga hadi saa sita, kwa hiyo ninayoandika hapa si ya mtazamaji tena. Msomaji yeyote wa daftari hili alijue hilo.

Saa nne na nusu Mkurugenzi alifika na walinzi watano.

"Nani ametoa amri?"

Miguu iliendelea kukanyaga. Ilikuwa na mdundo, na hakuna aliyetaka kuuvunja.

"Kapita Hemedi."

Hemedi alipanda kutoka mferejini. Hakusimama kama mlingoti. Alisimama kama mtu mwenye tope hadi magotini.

"Ndiyo, Bwana."

"Hii ni mali ya Kampuni."

"Ndiyo, Bwana. Bomba ni ya Kampuni. Changarawe ni ya Kampuni, tumeipanga pale kando. Jumapili ni yetu."

"Mkusanyiko bila kibali ni kosa."

"Kama ni mukusanyiko, Bwana, ni ya wazazi. Nyumba ni ya wazazi."

Mkurugenzi aliwageukia walinzi. Wawili kati yao wana wake waliokuwa mferejini. Mmoja wa wake hao alimwita mumewe kwa sauti ya kawaida, kama vile wako jikoni: "Baba Odile, ukikuja kunishika, kuja na ndoo, usikuje mikono mitupu."

Walinzi waligeuzia macho mti wa jirani, wasisogee. Mkurugenzi aliandika jina la Hemedi kwenye karatasi, akaandika na langu, akaondoka. Wanawake hawakupiga vigelegele. Walikuwa na mifereji miwili ya kufunga kabla ya giza, na waliifunga.

Jumatatu, 16 Julai

Nyuzi sita.

Jumanne, 17 Julai

Nyuzi nane. Théophile anaingia chumbani kusema namba, anatoka, anarudi kuisema tena.

Alhamisi, 19 Julai

Kumi. Chumba: ishirini na nne. Barafu imeanguka kutoka kwenye bomba la gesi, kipande kizima. Mtoto: gramu 1,480. Apolline hajainuka kitandani kwa muda mrefu ila kwa haja zake, mgongo unamuuma. Nilimuuliza kama nimletee kitu kutoka kantini.

"Niletee tarehe 23, ipite," alisema.

Ijumaa, 20 Julai

Mwanzo wa juma nilimpigia mhariri telegramu ndefu. Amejibu kwa fupi: HATUCHAPISHI MIGOGORO STOP RUDI KASONGO. Nimeiweka ndani ya kitabu hiki. Sirudi Kasongo.

Jumapili, 22 Julai

Mfereji wa tatu na wa nne. Walikuwa wanaume arobaini na wanne. Sita wameongezeka, na mmoja wao ni mlinzi aliyevua sare. Wanawake sikuwahesabu, walikuwa wengi mno. Mkurugenzi hakuja. Stroobants alikuja saa tatu, akasimama kando na koti mkononi. Kisha akashuka mferejini na kuwaonyesha namna ya kuondoa hewa chini ya bomba kwa kusukuma udongo kwa vidole pande zote mbili. Hemedi alimsikiliza, akasahihisha namna aliyoshika ndoo. Walimaliza saa kumi na moja jioni.

Jumatatu, 23 Julai

Lori lilifika saa mbili asubuhi na mafundi wanne kutoka Salamabila na minyororo. Mkurugenzi alikuwa mbele.

Léocadie alikuwa ameketi kwenye kizingiti cha chumba cha mashine, akimenya mihogo. Hakuinuka. Alisema asubuhi njema kwa kila mmoja, kwa mpangilio wa umri.

"Ondoka, mama," alisema fundi mmoja, akiona aibu.

"Nitaondoka, mwanangu. Soma kwanza ile kipimo nyuma yangu, uniambie. Macho yangu imezeeka." Macho yake yanasoma kipimo cha watoto kwa gramu kumi.

Fundi hakusogea. Stroobants ndiye aliyempita Léocadie, akainama, akasoma kwa sauti, kwa Kifaransa kwanza, halafu kwa Kiswahili chake kibovu.

"Kumi na saba."

"Na jana?" aliuliza Léocadie.

"Kumi na mbili." Aligeuka. Maneno yaliyofuata aliyasema kwa Mkurugenzi, polepole, nami niliyaandika palepale. "Mashine inafanya kazi. Udongo ni mzuri. Nilikosea. Siwezi kung'oa mashine inayofanya kazi ikiwa na watoto upande wa pili wa ukuta."

Mkurugenzi alisema mafundi wengine wataing'oa.

"Valvu za gesi zinafunguliwa na funguo ya pekee," alisema Stroobants. "Ninayo mimi. Sikumbuki nilipoiweka."

Lori lilisubiri hadi saa sita, likaondoka na minyororo yake. Saa saba walinzi wa serikali, si wa Kampuni, walimchukua Hemedi kwenye sehemu ya kuoshea. Alivua kofia ya Kampuni, akaitundika kwenye msumari wa ubao, akapanda gari.

Jumanne, 24 Julai

Mkurugenzi ameamuru ubao wa sehemu ya kuoshea ushushwe na kuchomwa. Aliyetumwa alikuta mti una misumari minne na kofia. Ubao haupo. Hakuna ajuaye.

Jumamosi, 28 Julai

Hemedi ameachiliwa baada ya siku tano Kabambare, mpaka siku ya shauri. Mashtaka ni mawili: mkusanyiko bila kibali na hujuma ya mali. Amekonda. Nilimuuliza walimtendea nini.

"Waliniuliza nani alinituma. Nikawaambia ubao. Waliandika 'Bwana Ubao'. Wanamutafuta."

Ijumaa, 3 Agosti

Nyuzi ishirini. Chumba: ishirini na tisa na nusu. Vitanda vitano vina watoto.

Alhamisi, 9 Agosti

Mtoto: gramu 1,690.

Jumatano, 15 Agosti

Wakubwa wa Ulaya wamefika. Wamelala nyumba ya wageni na feni. Hawakuletwa nyumba ya wazazi. Mmoja wao aliuliza, katika chakula cha mchana, mashine ya udongo iko wapi. Mpishi aliyekuwa akigawa supu anasema Mkurugenzi alijibu kwamba iko katika majaribio.

Jumatatu, 20 Agosti

Mawingu upande wa mto, hayakutoa kitu. Stroobants amenipa nakala ya barua yake ya pili. Neno hujuma halimo. Ameandika kwamba yeye hakutoa maelekezo ya kufukia na kwamba kikosi kilifuata kanuni ya Kampuni iliyobandikwa. Anarudishwa Ubelgiji mwezi ujao. Hakusema kama ameomba mwenyewe. Heshima niliyoipunguza tarehe 9 Julai nimeirudisha, isipokuwa zile siku kumi na nne alizochukua kabla ya kusema.

Jumapili, 26 Agosti

Mvua ya kwanza, dakika arobaini. Mifereji minne inaonekana bado, lakini kwa sababu nyingine: imeanza kuota majani kabla ya uwanja wote.

Ijumaa, 31 Agosti

Mtoto wa Apolline amefika gramu 1,980 asubuhi ya leo, amesema mama Léocadie, na akakataa kumpima mara ya pili tuone kama kipimo kitampa gramu ishirini zaidi. Maji ya udongo: ishirini na moja na nusu. Chumba: thelathini.

Nilimwambia Apolline gramu ishirini ni kijiko cha maziwa, ampe jina leo, mimi niliandike.

"Nilisema mbili," alisema.

Hakimu wa polisi wa Kabambare anaweza kumpa Hemedi miezi sita. Mimi pia nimeitwa, kama shahidi wa upande wake. Msimamizi wa serikali wa Kasongo amenitumia ujumbe kwamba mtu kama mimi, mwenye kadi ya sifa njema ambayo serikali huwapa Waafrika wachache, afikirie anakosimama. Nimefikiria. Kadi nitaiweka mfukoni, daftari hili nitalishika mkononi. Kama watasoma ukurasa mmoja, itabidi wasome yote, hata ule wa tarehe 15 Julai nilipovua viatu.

Mchana Léocadie aliniita chumbani. Aliinua godoro la kitanda cha nne, ambacho hajalaza mtoto juu yake tangu Julai. Chini yake, mahali pa mbao za kitanda, palikuwa na ubao mmoja mrefu wenye herufi nyeupe, maandishi yakitazama juu.

"Uliujua huu?" nilimuuliza Hemedi, aliyekuwa mlangoni.

"Mimi nilikuwa buloko," alisema. "Muulize mukunga. Yeye ndiye anajua kuficha kitu mpaka siku yake."

Shauri ni Jumatatu tarehe 3 Septemba, saa mbili asubuhi. Lori la posta linaondoka hapa Jumapili saa kumi na mbili asubuhi. Tunakwenda sita: Hemedi, Léocadie, Théophile na ndoo mbili na chupa mbili, wazee wawili wa kikosi, na mimi. Ubao una urefu wa karibu mita mbili, na dereva amesema hautaingia ndani. Utafungwa ubavuni, nje, herufi zikitazama barabara, kutoka Mungembe hadi Kabambare.